Mama Naisiae na Kijani Kimoja cha Mgomba

Baba Mchungaji, wazee wa usharika, shemeji yangu Saruni na ukoo wote wa Lesian mliotupokea hapa Kiranyi, majirani wa Kijenge, wanaushirika wa mabasi ya Mgomba, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kulia nasi, wakubwa shikamooni, wadogo poleni. Mimi ni Mika Yona Sumari, na huyu aliyelala mbele yetu ndiye aliyeniachia ziwa, kwa hiyo familia imeona niseme mimi, ingawa yeye mwenyewe angechagua mtu mwenye sauti kubwa na maneno machache, nami sina hata kimoja kati ya hivyo.

Marehemu Vaileth Yona Sumari alizaliwa tarehe 22 Mei 1966 katika kijiji cha Akheri, Meru, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Yona Sumari na Mama Elizabeth, wazazi wetu ambao wote wawili wametangulia, akabatizwa Agosti ya mwaka huohuo na kupata kipaimara mwaka 1981 katika usharika wa Akheri. Mama yetu alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alikuja msimu wa masika, wakati njia ya kwenda mjini imekatwa na matope, mkunga akafika kwa miguu na mama akajifungua salama, na labda ndiyo maana maisha yake yote dada hakukubali kuambiwa kwamba njia haipitiki.

Alianza darasa la kwanza Januari 1974 hapohapo Akheri, akamaliza la saba mwaka 1980, akachaguliwa kuingia sekondari ya wasichana mkoani Kilimanjaro, akahitimu kidato cha nne mwaka 1984. Alikuwa mzuri wa hesabu, mbaya wa kuimba, na kwaya ya usharika inisamehe kwa kulitaja hilo mbele za watu.

Februari 1985 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Sisi wa mlimani tunaujua utaratibu, lakini kwa wageni nieleze kidogo, kwa sababu bila hilo hamtamwelewa dada yangu: mkulima analeta kahawa yake kavu, karani anaitia mkononi, anaitazama, anaipa daraja, anaipima, kisha inamwagwa kwenye rundo moja pamoja na ya jirani, na kuanzia hapo haina tena mwenyewe, inakwenda sokoni kwa jina la chama. Mkulima mmoja akiingiza kahawa mbichi, rundo zima linaota ukungu, na wote wanashushwa daraja. Msimu wa mwaka 1988 baba yetu alileta gunia lake, akiwa amevaa koti la kanisani, watu wamejipanga nyuma yake, dada akatia mkono ndani ya gunia, akautoa, akasema, "Baba, shikamoo, hii haijakauka, irudishe." Mzee akarudi nalo nyumbani kwa punda yuleyule aliyelileta. Nyumba nzima ilinuna, mama hakumsemesha siku kadhaa, lakini baada ya kahawa kuanikwa upya na kupokelewa, baba mwenyewe ndiye aliyetangaza sokoni Tengeru kwamba binti yake hana ndugu kwenye mizani, na akatangaza kwa kujisifu.

Kwenye chama hicho ndiko alikokutana na kijana wa Kiarusha aliyekuja na lori kuchukua kahawa, mpole, mrefu, asiyejua kujieleza, naye ndiye huyu Shemeji Saruni Lesian. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi ya tarehe 3 Desemba 1994, wakahamia Kijenge, na mwaka 1997 dada akaacha kazi ya chama akawa anauza ndizi na maziwa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Naisiae aliyezaliwa Oktoba 1995, Lucky aliyezaliwa mwaka 1999 na Jackline aliyezaliwa mwaka 2004. Naisiae alitutoka tarehe 11 Julai 2007 kwa homa ya uti wa mgongo, akiwa darasa la tano, na kaburi lake mnaliona hapo, pembeni ya hili tulilochimba leo. Sitaongeza neno juu ya siku hiyo, waliokuwepo wanaijua.

Mwaka 2010 Shemeji aliuza ng'ombe, dada akatoa akiba yake, wakanunua gari aina ya kosta, Shemeji akaliendesha mwenyewe kutoka Usa River kupitia Makumira na Tengeru hadi mjini, na juu ya kioo cha mbele wakaandika kwa herufi nyeupe kubwa NAISIAE. Mnajua jinsi tulivyo, gari bila jina ni kama ng'ombe bila alama, kila mwenye gari anaandika la mama yake, la mstari wa Biblia, la timu yake. Lakini kwa hawa wawili halikuwa pambo. Abiria walikuwa wakisema barabarani, "Naisiae imepita?", na Shemeji alikuwa akiniambia kwamba siku nzima anasikia watu wakimuulizia mtoto wake.

Ndugu waombolezaji, mwaka 2021 ilitangazwa zabuni ya kuendesha mabasi ya Usa River. Njia ile isingekuwa tena ya kila mwenye gari kujikimbilia, angepewa mwendeshaji mmoja kwa mkataba, mwenye magari ya rangi moja na jina moja, ratiba inayojulikana, madereva wa mshahara, na asiyeshinda angeiacha barabara. Wenye gari mojamoja wengi walikata tamaa papo hapo, wakasema hilo ni jambo la matajiri. Dada akawaita nyumbani kwake Kijenge, akawapikia loshoro ya mahindi na maziwa mgando, akawaambia, "Kahawa ya baba yangu ilifika Ulaya, jina la Sumari likabaki Akheri. Na sisi tumwage kwenye rundo moja." Ukaundwa ushirika wa magari ishirini na mawili, wakamchagua yeye kuwa mwenyekiti, wakaupa jina la Mgomba, na rangi wakakubaliana kwa sauti moja iwe kijani cha jani la mgomba.

Hapo ndipo tulipoanguka, na tuliangukia penye nguvu zetu, kwenye mgomba wenyewe. Kila mmoja alikwenda kwa fundi wake na jani la mgomba kutoka shambani kwake. Wa Akheri alikata la mshare, wa Usa River akakata la kisukari, mwingine akakata jani changa lililokuwa bado linafunguka, mwingine lililokomaa, na Mama Agnela, ambaye namwona pale anaficha uso kwa kanga, magari yake mawili yalitoka na kijani cha chupa ya soda. Tena majina ya zamani wengi waliyabakiza, wakayafanya madogo tu, wakidhani hayataonekana. Asubuhi ya Jumatano, tarehe 18 Agosti 2021, magari yalipangwa uwanjani mbele ya kamati ya ukaguzi, yakawa kama shamba lenye ndizi za kila aina, na mkaguzi mmoja akauliza kwa upole kabisa kama haya yote ni ya chama kimoja. Tuliondolewa siku hiyohiyo. Njia ikapewa kampuni kubwa kutoka nje ya mkoa, kwa haki, tusilaumu mtu, wao walikuwa na rangi moja.

Miaka miwili na nusu iliyofuata ndiyo iliyomwonyesha dada yangu ni nani. Magari yetu yalisukumwa kwenye njia za vumbi, baadhi ya wanachama walitaka kuuza, wengine walitaka kila mtu arudi kwake, na vikao vilikuwa vikali kiasi kwamba Mama Agnela aliwahi kusimama akasema, "Rangi ni rangi tu bwana, abiria hapandi rangi!" Dada akamjibu, "Abiria hapandi rangi, anapanda kitu anachokijua. Akikiona mbali ajue ni chetu, awe Tengeru awe Makumira, asiulize ni cha nani." Alikwenda nyumba kwa nyumba, aliyekasirika alimfuata, aliyejificha alimngoja sebuleni mpaka arudi, akiulizwa anachoka lini alisema atachoka akifika. Na wakati huohuo, Oktoba 2023, madaktari walimwambia kwamba ana saratani ya shingo ya kizazi. Alituambia watatu tu kati yetu nduguze, akatukataza kuwaambia wanaushirika, akasema mtu akimwonea mwenyekiti huruma hatamtii.

Mkataba wa kampuni ile ulipokaribia kwisha, Januari 2024, zabuni ikatangazwa upya. Safari hii dada alitafuta fundi mmoja, yadi moja hapo Usa River, rangi ikachanganywa mara moja kwenye pipa moja, na akatoa agizo kwamba gari halitaguswa kabla halijakwanguliwa kila herufi ya jina la mwanzo. Wanachama wote walikuwa wakiwaza gari moja. Akasema la kwake litangulie.

Shemeji Saruni, uniruhusu niliseme hili, tuliafikiana jana. Shemeji alikataa. Mtu huyu ambaye sijamsikia akipaza sauti tangu alipooa alisimama mbele ya gari akasema, "Mtoto nimemzika mara moja." Mafundi wakaweka brashi chini. Dada hakumgombeza. Alimwambia, "Baba Naisiae, jina lake ninalo mimi, watu wananiita kwalo kila siku, na wewe wanakuita kwalo. Likibaki hapo juu, Agnela atabaki na la kwake, na kila mtu na la kwake, na sote tutabaki nje ya barabara." Kisha akapanda kwenye stuli na kipande cha msasa, akaanza na herufi ya kwanza. Alikuwa amekonda tayari, na sisi tuliojua ugonjwa wake tulitaka kumshusha, hatukuthubutu. Shemeji alikaa juu ya tairi, ameinamisha kichwa. Baadaye akainuka, akachukua msasa mwingine, akapanda upande wa pili, akaanza na herufi ya mwisho. Walikutana katikati. Nililia mimi, mwanamume mzima, na sioni haya. Walipomaliza, Mama Agnela ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba msasa.

Ukaguzi ulifanyika Alhamisi, tarehe 14 Machi 2024, magari ishirini na mawili yalisimama ya kijani kimoja, tukapewa njia, na tarehe 1 Julai 2024 basi la kwanza la Mgomba likaondoka Usa River kwa wakati wake, likiwa na abiria watatu na dereva aliyevaa shati lililopigwa pasi. Dada alikuwa kituoni. Alilitazama mpaka likapotea, akasema, "Haya, la pili," akageuka kulitafuta la pili.

Matibabu yake yalianzia hapa Arusha, yakaendelea Moshi na baadaye Dar es Salaam, alipata mionzi, alipata nafuu, na Mei mwaka huu ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Hata alipokuwa akienda kliniki alikataa madereva wamfuate nyumbani, alikwenda kituoni akasubiri kama abiria wengine, na basi likichelewa dereva alijua atasikia. Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa nyumbani Kijenge, mkono wake ukiwa mkononi mwa Jackline, aliitwa na Bwana. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja na ndugu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kote alikopita, majirani wa Kijenge mliopika na kulala pale tangu Jumanne, wachungaji na wainjilisti mliomsomea Neno kitandani, mafundi wa yadi ya Usa River, madereva na makondakta wa Mgomba, na wewe Mama Agnela, uliyekuwa ukimwogesha dada yangu mikono yake ilipoishiwa nguvu.

Nimebakiza jambo moja. Jana jioni wanaushirika walituletea ombi, wakitaka jina la Vaileth Sumari liandikwe juu ya kioo cha kila gari, na tumeambiwa rangi nyeupe na brashi tayari viko kwenye buti la gari la mtu fulani hapo nje. Tumekaa, mimi, Shemeji, Lucky na Jackline, na jibu tumempa Shemeji alitoe, naye amesema neno moja tu, hapana. Tunawashukuru kwa upendo wenu, nasi tunajua mmetoa moyoni, lakini mkiliandika la kwake, keshokutwa kila mtu ataandika la mama yake, na yeye hana ndugu kwenye mizani, hata akiwa yeye mwenyewe ndiye anayepimwa. Rudini na hiyo rangi nyumbani mkapake milango.

Asubuhi hii, kabla ya ibada, nilitoka barabarani nikayakuta magari ya Mgomba yaliyowaleta yamejipanga kutoka lango la boma mpaka kona, nikataka kuliona lile alilolikwangua dada, nikapita moja baada ya jingine, nikarudi tena, nikashindwa kulijua. Nilimwita Shemeji anionyeshe, naye aliyeliendesha miaka yote hiyo akasimama akatazama, akatikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza wiki hii nikamwona akitabasamu.

Dada yangu, Mama Naisiae, umefika sasa, choka. Pumzika kwa amani karibu na mwanao.