Picha ya Wakala Mwenye Tai

Benchi letu liko mbele ya duka la Cherehani, na ukikaa vizuri unaliona ng'ambo ya barabara jengo la sinema ya zamani, siku hizi ghala la saruji. Tulikuwa wanne: Cherehani mwenyewe, Brekidauni dereva mstaafu, mimi ninayewasimulia, na Spika. Huyu Spika enzi zetu ndiye aliyekuwa akisimama chini ya pazia, anatutafsiria picha za kigeni kwa sauti ya kuamsha wafu. Siku hiyo Cherehani hakugusa kahawa. Mkewe yuko hospitali, kesho anapasuliwa, na amemwomba kitu kimoja tu: amsimulie mwisho wa ile picha ya wapelelezi ya kuchekesha. Waliiangalia wakichumbiana, wakaikatisha katikati, maana baba wa binti aliingia na tochi.

— Jamani, nisaidieni. Jioni naingia wodini. Iliishaje?

— Mbona rahisi, akasema Brekidauni. Yule wakala, aliyeongozana na yule dada, si alikuwa na tai inayopiga picha? Badala ya siri za adui, kapiga bakuli la supu. Maadui wanaiiba picha, wanadhani ramani, wanaifuata supu mpaka wanapotelea jangwani.

— Kwani alikuwa wakala wa nini? nikauliza.

— Wa bima, akajibu Spika. Si nilitafsiri mwenyewe?

— Nilipoirudia ulisema wa sabuni! nikamkatiza.

— Mficha uchi hazai, bwana. Ila mpelelezi lazima afiche, abadilishe kazi. Na jangwa halikuwepo. Mwishoni wigi la mkuu wa maadui linadondoka, kumbe ni mama mkwe wa wakala!

— Acha uongo. Mimi niliona puto linapaa, nikasema.

— Puto wapi? Gauni la mama mkwe hilo, limejaa upepo!

— Ndiyo maana wakasema simba mwenda pole ndiye mla nyama, akasema Brekidauni. Puto halina breki.

Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hata Cherehani alicheka, kisha akajifuta macho, na sikupenda kumtazama. Nilitamani taa zizimwe tena, tubanane kwenye viti vile vya mbao, tupige mbinja, na wake zetu wawe bado wasichana.

Binti wa Cherehani akafika na kapu la nguo za mama yake.

— Shikamooni wazee. Baba, twende.

— Marahaba. Ngoja kidogo mwanangu, wanamalizia picha.

Akatusikiliza, kisha akamgeukia Spika.

— Baba mkubwa, kwani ile lugha yao ulikuwa unaijua?

Spika akachungulia kikombe kitupu. Brekidauni akakohoa. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.

Cherehani akainuka, akafunga vifungo vya shati.

— Kumbe mwisho hamuujui. Basi nitautunga mwenyewe njiani.

— Utamwambia nini? nikamuuliza.

— Mengine nitaona hukohuko. Ila yule dada aliyekuwa na wakala hafi. Anarudi nyumbani.