Maisha ya Marehemu Anaclet Amundala, Aliyekataa Kusemea Kikao

Ndugu, jirani wa Mikelenge, na ninyi mliovuka mto kutoka Alunguli: mimi ni Gisèle, binti wa mdogo wake marehemu. Kwangu alikuwa Baba Mukubwa, na ndiye aliyenilea. Karatasi mliyogawiwa mlangoni ina wasifu wa mistari kumi na miwili, ulioandikwa na wazee wa familia. Huu ninaousoma aliniagiza mwenyewe, tukauandika kitandani pake. Jana wazee waliniita wakataka nikate nusu. Walisema nusu hiyo itaharibu kikao cha leo saa kumi, cha kumaliza eti "maneno" ya mjukuu wake Falone. Falone ana miaka kumi na mitano, na mwezi uliopita alibakwa na kijana wa rafiki wa familia. Sikukata kitu. Mwenye haraka ya kikao atangoja, maana marehemu hana haraka.

Anaclet Amundala alizaliwa Lokandu tarehe 3 Aprili 1951, mtoto wa kwanza wa mama aliyeuza samaki wa moshi na baba aliyetengeneza mitumbwi. Alianza shule ya misioni mwaka 1958. Maasi ya 1964 yakaifunga shule, akaja kumalizia Kindu, akaishia mwaka wa tatu wa sekondari. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno. Barua nyingi za mtaa huu ni za mkono wake.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye reli kama karani wa mizigo, akafanya kazi hiyo hadi vita vya 1998 vilipokata njia. Lakini mji ulimjua kwa kazi isiyo na mshahara: alikuwa msemaji wa familia kwenye mahari. Mwaka 1984, msemaji wa upande wa pili alilala kwa pombe. Anaclet akasema maneno ya upande wake, akahamia kiti cha pili, akajijibu, akarudi kujilaumu kwa jibu lile. Watu walicheka hadi machozi, na ndoa ikafungwa. Ndoa hiyo bado ipo.

Yeye mwenyewe alifunga ndoa na Mama Albertine tarehe 14 Agosti 1976, hapa Kindu. Walizaa watoto watano, wa kwanza Gédéon; wawili wakatangulia. Mimi niliongezeka mwaka 1999, baada ya vita kumchukua baba yangu.

Septemba 2002, Mama Albertine alikwenda shambani kuchuma sombe, majani ya muhogo. Watu wenye bunduki walimkuta huko. Mama anaruhusu niseme, tumeulizana. Baba Mukubwa alimpakiza kwenye baiskeli akaisukuma kilometa kumi na moja hadi hospitali. Waliporudi, wanaume walikuja kumshauri amrudishe mke wake kwao. Akasimama mlangoni: "Huyu njo bibi yangu. Kama kuko mwenye anamuona mubaya, atoke kwangu sasa hivi." Mji mzima ulimsifu. Na kweli alistahili.

Sasa nafika pale walipotaka nikate. Machi 2009 nilikuwa na miaka kumi na minne. Jacques, mwenye depo ya simenti jirani yetu, aliniita nimpelekee ndoo ndani, akafunga mlango. Siongezi hapo. Siku ya nne kikao kilikaa uani kwetu, wanaume tisa, na aliyesemea familia yetu, kwa sauti ile ile nzuri ya arusini, alikuwa Baba Mukubwa. Alipata mbuzi watano na bidoni za mafuta ya mawese. Wakashikana mikono. Mbuzi mmoja akachinjwa palepale, nikaletewa sahani. Mzee mmoja akaniambia: "Kula, mama, hii njo yako." Jina langu halikutajwa hata mara moja. Walisema "mutoto," tena "ile maneno." Sheria ya 2006, isiyoruhusu kesi ya kubaka kufutwa kwa malipo, wote tisa walikuwa wameisikia redioni.

Kuanzia siku hiyo sikumwita tena Baba Mukubwa. Nilimwita Monsieur Anaclet, mbele ya wageni, asubuhi na jioni, na nilifurahi kuona jina hilo linamuuma.

Mama Albertine hakupiga kelele. Alimtilia maji ya kuoga, halafu akamwuliza: "Baba Gédéon, ile mwaka ya 2002, kama wale waaskari wangekuletea mbuzi, ungekamata ngapi juu yangu?"

Hakuoga. Alikaa kitini mpaka maji yakapoa. Maneno yafuatayo ni yake, nayasoma alivyoyasema: "Jibu langu lilikuwa hata mmoja, ningewaua. Basi askari akifanya, sisi wanaume tunaita unyama. Jirani akifanya, tunatandika mkeka. Hasira yangu ya 2002 ilikuwa ya bibi yangu ao ya jina langu? Nilipata haya kujijibu."

Asubuhi alifunga mbuzi wanne kwa kamba moja, akatafuta wa tano, akawaburuta katikati ya soko hadi kwa Jacques. Watu walizomea: "Ee, muzee amekuwa muchungaji!" Kisha akanishika mkono tukaenda parke, kwa mwendesha mashitaka. Kesi ilikufa, kwa sababu wanaume wanane waliapa kwamba maneno yalikwisha nyumbani. Jacques alikimbilia Kampene, akakaa mwaka mmoja, akarudi. Leo yuko hapa, safu ya tatu, kofia magotini. Umesikia jina lako, Monsieur Jacques. Marehemu alitaka ulisikie mbele ya watu.

Tangu hapo, popote aliposikia wanaume wamekaa kupatanisha kubakwa kwa msichana, alikwenda bila kualikwa. Aliingia, akasalimia kwa adabu, akasema: "Mbele ya kuanza, kila mwanaume ataje jina ya binti yake." Kule Obokote walimmwagia maji machafu. Muzee Asumani wa msikitini, aliyemfukuza mara ya kwanza, alimfuata nyumbani siku ya tatu, akataja majina ya binti zake wanne. Baada ya hapo walikwenda wote wawili, kila mtu na baiskeli yake. Vikao vingi vilivunjika. Vingine havikuvunjika, na hao wasichana aliwajua kwa majina hadi mwisho.

Nilirudi kumwita Baba Mukubwa mwaka 2013, siku aliporudi kutoka kikao kimoja bila meno mawili ya mbele. Mkiuliza kama nilimsamehe: siku nyingine ndiyo, siku nyingine hapana. Alijua. Hakuniomba niharakishe.

Ugonjwa wa sukari ulimshika mwaka 2018. Macho yakapungua, kidonda cha mguu kikakataa kupona. Tarehe 29 Mei mwaka huu, Gédéon, mtoto wake wa kwanza na baba wa Falone, alikuja na wajomba wawili kumwomba asemee kikao. "Baba, tusiharibu jina ya mutoto," alisema. Marehemu akajibu: "Jina gani? Hujalitaja tangu uingie." Wakatoka. Mlangoni nilisikia mmoja akisema, "Tungoje tu." Wakangoja siku kumi na moja, na Falone akafungiwa kwa Gédéon, hata kisimani haendi. Kaka Gédéon, usiangalie chini, niko mbele yako. Baba yako alikufa Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa moja asubuhi, mikononi mwa mama yako, akiwa na miaka sabini na minne, na mlichongoja kilikuwa hicho.

Ameacha watoto watatu, mimi wa nne, wajukuu kumi na mmoja, na mjane, Mama Albertine.

Najua mmenong'ona tangu asubuhi kwamba mkeka wa mjane uko tupu, kwamba ni aibu, mwanamke gani anamwacha mume wake siku ya kuzikwa. Mume wake ndiye aliyemwagiza. Siku tatu kabla ya kufa alimwambia: "Usinizike. Siku ile watamutoa Falone aje kulia, na wanaume wote watakuwa hapa wanaangalia sanduku langu. Kamata mutoto, muende."

Walitoka saa mbili kwa nyuma, wakati mnabishana nani abebe jeneza. Saa nne Mama amenipigia. Daktari amemwona Falone na ameandika. Parke wamepokea mashitaka, na Falone ametia sahihi jina lake lote, yeye mwenyewe. Wanaume wanane wakiapa safari hii, wataapa dhidi ya karatasi.

Baba Mukubwa apumzike kwa amani. Ninyi wanaume mliobaki, msipumzike.