Chumba cha Wanasesere

Mfuniko wa sufuria jikoni kwa jirani uligongagonga gizani, nikaamka, nikambeba binti yangu tukawahi basi la chuoni, ili nikajiandikishe masomo ya uuguzi. Kwenye kiti cha mbele yetu mkunga mwalimu alikuwa akimkaba kwa maswali mchora ramani ya jengo la chuo linalopanuliwa.

"Mwanangu, chumba cha watoto wa wanafunzi umekipeleka wapi?"

"Nimekifanya stoo ya wanasesere wa mazoezi ya kuzalisha, Mwalimu. Plastiki ile haitaki joto."

"Kwa hiyo mtoto wa plastiki apate kiyoyozi, mwenye pumzi akae ngazini?"

"Mwenye pumzi ana kwao."

"Kwao ni mama yake, na mama yake yuko darasani kwangu!"

Nilicheka kwa tahadhari, maana mwenye pumzi nilikuwa nimempakata. Basi likasimama chuoni. Binti yangu akasema kwa sauti, "Mimi nitakaa na wanasesere."