Kiwanda cha Kufunguliwa

Asubuhi ile benchi letu la nje ya duka la kinyozi lilijaa mpaka mimi nimekalia tako moja. Gari la matangazo lilikuwa limetoka kupita: waziri mpya anakuja kukifungua kiwanda cha nguo, tujitokeze kwa wingi. Bi Moto, muuza kahawa wetu, akacheka mpaka akaimimina kahawa nje ya kikombe. Kiwanda hicho kimefunguliwa na kila waziri tuliyejaliwa tangu bendera ya mkoloni ishuke. Suruali, fundi cherehani, alikuwa mfumaji pale enzi za ujana. Kilipokufa, akageukia viraka vyetu.

— Tatizo ni uongozi, akaanza Profesa, kinyozi ambaye elimu yake yote katoa redioni. Jirani zetu tumepata uhuru nao mwaka mmoja. Leo wenzetu wanauza mashine. Sisi tunaagiza vijiti vya meno, na misitu tunayo!

— Wenzetu meneja anapimwa kwa kazi, akasema Suruali. Wetu wa kwanza naye alikuwa mtu! Alizijua mashine kwa mlio. Wakamwondoa, wakatuletea shemeji wa waziri. Siku ya kwanza tu kauliza pamba inachimbwa wapi.

Benchi likatikisika kwa kicheko.

— Haba na haba hujaza kibaba! akadakia Bi Moto. Ndivyo akina shemeji walivyoziiba zile mashine, moja moja.

— Hapo ni chovya chovya humaliza buyu la asali, nikamsahihisha.

— Asali imetoka wapi tena? Mimi nasema mashine!

Profesa akajitokeza mlangoni, wembe mkononi, mteja kamwacha na ndevu upande mmoja.

— Dawa ni moja. Tuongozwe na mtu asiye na shemeji.

— Kapera? akauliza Suruali.

— Kapera, tena mtoto wa pekee!

— Na mjomba asiwe naye, nikaongeza. Wajomba ndio hatari.

— Basi tumtotoe kwenye yai! akasema Bi Moto.

— Hata yai lina mama, akajibu Suruali. Kesho kuku anataka uwaziri wa kilimo.

— Mpeni! akapaza sauti mteja wa ndevu nusu. Kuku angalau anataga!

Profesa alicheka mpaka akashika ukuta. Tulikuwa bado tunafuta machozi pale dada mmoja mwenye begi aliposimama mbele yetu, miguu vumbi tupu.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Samahani, nakiulizia kiwanda cha nguo. Nimesikia kinaajiri.

Kicheko kikakatika. Suruali akamjibu kwa upole.

— Kinafunguliwa tu, mwanangu. Waziri mmoja alikuja akakata utepe. Mwingine akapanda mti. Mwingine akabonyeza kitufe, umeme ukakatika mtaa mzima. Mara zote hizo tulikuwepo, makofi tulipiga mpaka viganja vikawaka.

Dada akashusha begi.

— Sasa baba, kama kimefunguliwa mara zote hizo, alikuwa anakifunga nani?

Nikamtazama Profesa. Profesa akamtazama Suruali. Suruali, aliyeacha ujana wake mle ndani, akaanza kuwahesabu mawaziri kwa vidole. Kwenye kufungua tumealikwa siku zote, tena kwa kipaza sauti. Kwenye kufunga hakuna aliyetutangazia, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyanyuka kwenda kuuliza.

Bi Moto akasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Dada akakaa, akawa anatutazama mmoja mmoja, anangoja jibu.