Mkono wa Yassine Kalokola na Raketi Zake Tatu

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijasema habari, naomba mtege masikio. Nimeweka vitu vitatu mezani hapa studio, na nitavigonga kwa kifundo cha kidole mbele ya kipaza sauti.

Hii ya kwanza. Mmesikia? Hiyo ni raketi ya tenisi ya mbao. Sauti yake ni nene. Sasa hii ya pili. Hiyo ni ya kaboni, nyeusi na nyepesi. Ya tatu ni ya aluminiamu, lakini siwezi kuigonga vizuri kwa sababu haina mpini. Kuna kichwa tu na nyuzi zake. Mpini ulikatwa kwa msumeno, na aliyeukata ndiye tunayemkumbuka leo.

Tunamkumbuka Mzee Yassine Kalokola. Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake karibu na gare, stesheni ya treni ya Kindu, akiwa na miaka sabini na mbili. Alikuwa mgonga magurudumu wa reli. Wengi mtaani walimjua kama mzee wa tenisi, yule aliyepiga mpira ukutani wakati wa vita. Ni mtu yuleyule.

Mimi ni Odile, na nikiri mapema kwamba sijui tenisi hata kidogo. Juzi nilizibeba raketi hizi mpaka kwenye ukuta wa nyuma ya studio ili nijaribu. Mpira wa kwanza ulikwenda kwa jirani, na wa pili ukamfuata. Fundi wetu wa mitambo alicheka hadi akakaa chini. Lakini kuuliza si ujinga, na nilikuwa na swali moja lililoninyima raha. Mtu mwenye akili timamu, mjini hakuna chumvi, anapata wapi hamu ya kulinganisha raketi za tenisi?

Tuanze na kazi yake. Mgonga magurudumu ni mtu anayepita kando ya treni iliyosimama, nyundo mkononi, akigonga gurudumu moja baada ya jingine. Gurudumu zima linalia kwa muda mrefu. Gurudumu lenye ufa linatoa sauti fupi, kama sufuria iliyotoboka. Jicho halioni ufa ule, maana grisi na vumbi vinaufunika. Sikio ndilo linaloujua. Mzee Yassine alianza kazi hiyo mwaka wa 1975, na kwa miaka ishirini na tatu hakuna behewa lililoondoka Kindu bila yeye kuligonga.

Mkewe ni Mama Mwanvua. Nilimtembelea Ijumaa. Alinikaribisha kwenye mkeka, akanipa chai, akanitazama vizuri kabla ya kuniambia neno. Kisha akasema: «Mama Odile, nitakuambia yote. Mwenyewe alikatazaka nisiseme, lakini sasa amelala. Kile alificha, kilikuwa kizuri.»

Mwaka wa 1998 vita viliingia Kindu. Siku moja kombora lilianguka karibu na karakana ya reli. Mzee Yassine hakupata hata mkwaruzo. Alisimama, akapangusa suruali, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Mama Mwanvua alimsalimia, hakuitika. Akamsalimia tena. Alimwona mumewe anatazama midomo yake.

Masikio yalikuwa yamekwenda. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibakiza kidogo, sauti nzito za karibu tu. Mgonga magurudumu alikuwa kiziwi. Narudia, wasikilizaji, kwa sababu habari yote imesimama hapa: mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusikia, alikuwa hasikii tena.

Hakumwambia mtu isipokuwa mkewe. Na hakuna aliyegundua, kwa sababu treni zilisimama. Njia ilikatika, mabehewa yakaota majani, wafanyakazi wa reli wakakaa nyumbani. Mnajua miaka ile. Kwenda shambani ilikuwa kujitafutia kifo. Tulikula sombe, majani ya mihogo, bila mafuta na tukashukuru.

Karibu na nyumba za reli kulikuwa na kiwanja cha tenisi. Mainjinia wa zamani walikijenga, na wafanyakazi walikirithi. Katika kabati la kiwanja mlibaki raketi mbili, ya mbao na ya aluminiamu. Ya tatu, ya kaboni, ilikuwa ya Bwana Bruno Mbusa, mfanyabiashara wa vipuri vya baiskeli aliyetoka Butembo, ambaye vita vilimfungia hapa. Wavu wa kiwanja ulikuwa wavu wa samaki kutoka Lokandu. Nyuzi za raketi zilipokatika, Mzee Yassine alitia nailoni ya wavuvi. Mipira ilikuwa imenyonyoka manyoya yote. Hivyo ndivyo walivyocheza, wawili, wakati watu wengine wamejifungia ndani.

Bwana Mbusa bado ana duka lake karibu na soko. Alinisimulia hivi: «Siku moja, katikati ya mchezo, Yassine aliomba raketi yangu. Akapiga mara mbili, tatu. Akaniambia: ndugu, hii iko na ufa. Nikaangalia, sioni kitu. Nikamwambia, wewe unaionea wivu. Siku ya tatu ilinipasukia mkononi, pale kwenye shingo.» Anacheka, kisha anaacha. «Nilifikiri alisikia. Kumbe hakusikia kitu. Alishika tu.»

Ufa ule, Mzee Yassine aliupata kwa kiganja. Raketi ilipopasuka, alirudi nyumbani. Usiku huo hakula. Asubuhi alichukua raketi mbili za kabatini, akaenda kwenye ukuta wa karakana, akaanza kupiga. Mapigo mia kwa ya mbao, mapigo mia kwa ya aluminiamu. Ile ya kaboni aliifunga shingo kwa mpira wa baiskeli, akaipa mia yake pia. Alifanya hivyo kesho yake, na mwezi mzima, na miaka.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema njaa imempanda kichwani. Wengine walisema anafanya mazoezi ili akimbilie Ulaya. Askari mmoja alikuja kumkamata, akidai kwamba ule mlio wa tap, tap, tap ni ishara anayowapelekea adui. Mzee Yassine hakusikia hata aliposhtakiwa. Alisoma midomo nusu, akatabasamu, akampa raketi ya aluminiamu. Askari aliweka bunduki ukutani, akapiga mpira robo saa. Alipoirudisha alikuwa anasugua kiwiko. Akasema raketi hii ni mbaya, inatetemesha mpaka bega, akaondoka zake.

Hata Mama Mwanvua hakuelewa mwanzoni. Alimuuliza mumewe usoni, polepole, anatafuta nini. Akamjibu kwamba kila raketi ina namna yake ya kusema na mkono. Ya mbao ni mpole. Inaupokea mpira, inakaa nao kidogo, na habari inafika kiganjani ikiwa imelainika. Kwa mchezaji, ni tamu. Ya kaboni ina haraka. Inarusha mpira kwa nguvu ambayo si yako, lakini haikuambii mengi, inaficha. Ya aluminiamu inasema kila kitu. Mpira ukigusa katikati, unajua. Ukigusa pembeni kwa upana wa kidole, unajua. Inatetemeka, inaumiza, na hakuna anayeitaka.

«Nikamuuliza,» anasema Mama Mwanvua, «basi ipi njo muzuri? Akaniambia: kwa kucheza, ya mbao. Kwa mimi, hii ya kuumiza.»

Kesho yake alikata mpini wa ile ya aluminiamu pamoja na shingo yake. Fundi wa baiskeli alimsaidia kufunga kichwa cha nyundo kwenye mabomba mawili ya shingo ile. Wasikilizaji wapendwa, hapo nilielewa. Hakuwa akitafuta raketi. Alikuwa akitafuta sikio jingine.

Mwaka wa 2004 ilisikika kwamba treni inarudi. Wafanyakazi wa zamani waliitwa wajiandikishe. Mzee Yassine alivaa kofia yake ya kazi. Mama Mwanvua alisimama mlangoni, akamzuia.

Nimemwomba arudie maneno aliyosema, nami nayarudia kama alivyoyasema: «Nilimuambia, Yassine, miaka yote nilifunga kinywa kwa ajili yako. Lakini kama hausikie, hauendi kugonga. Watu watapanda ile treni na batoto. Kwanza unionyeshe mimi.»

Wakaenda wote wawili kwenye mabehewa yaliyoota majani. Mama Mwanvua alimziba masikio kwa pamba, hata lile la kulia. Mwisho wa njia kulikuwa na gurudumu moja lililokataliwa kabla ya vita, lenye ufa unaojulikana. Mama alimfunga mumewe macho kwa kitenge, akamzungusha, akampeleka kwa mkono kutoka gurudumu hadi gurudumu, akimrudisha nyuma, akimchanganya. Magurudumu arobaini, na kila moja aliligonga kwa nyundo ile. Kwenye lile bovu alimpitisha mara tatu. Mara zote tatu alisimama, akasema: hili.

Mama Mwanvua akamfungua kitenge. Akamwambia nenda.

Sasa nifike siku yenyewe. Treni ya kwanza ilikuwa iondoke asubuhi. Watu walijaa gare nzima, wamekalia magunia ya mchele, mbuzi, magodoro. Bwana Mbusa alikuwemo na masanduku yake. Injinia aliyetoka kusini alikuwa na haraka. Mzee Yassine alipita na nyundo yake ya ajabu, na vijana wa reli wakaicheka. Kwenye behewa la tano alisimama. Aligonga tena. Akaweka msalaba wa chaki kwenye gurudumu.

Injinia alichukua nyundo yake mwenyewe, akagonga. Likalia vizuri. Akagonga tena, likalia vizuri. Akasema gurudumu ni zima, futa chaki.

Fikirieni yuko wapi mtu huyu, wasikilizaji. Akifuta chaki, ana kazi, ana mshahara, ana kofia yake. Akikataa, ataulizwa umesikia nini ambacho mimi sikusikia. Na jibu la kweli ni moja tu.

Abiria walianza kupiga kelele. Bwana Mbusa hajifichi: «Mimi njo nilipiga kelele kupita wote. Nilisema, muondoe huyu mzee, biashara yangu inaoza.»

Mzee Yassine alimtazama injinia midomoni. Akasema, na sauti ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, kwa sababu hakujisikia: «Sikusikia kitu, patron. Mimi ni kiziwi tangu vita. Nimeshika. Hili limepasuka.»

Gare nzima ilicheka. Kiziwi anagonga magurudumu! Injinia hakucheka. Alikasirika. Aliamuru chaki ifutwe na treni iondoke.

Ndipo Mama Mwanvua, aliyekuwa akiuza mihogo ya kuchemsha pale, aliweka beseni chini. Alikwenda akaketi kwenye reli, mbele ya gurudumu lile, akanyoosha miguu. Injinia akamuuliza yeye ni nani. «Mimi bibi yake,» akasema. «Nilimupima mimi mwenyewe. Leteni petroli ya taa, mupanguse. Kama hakuna ufa, nitaamuka, na mutatufunga wote wawili.»

Walileta petroli ya taa. Walipangusa grisi, wakamwagia, wakakausha, wakapaka unga wa chaki. Wakangoja. Mafuta yaliyoingia ndani ya ufa yalirudi nje: kwenye unga ule mweupe ulitokea mstari mweusi, mwembamba kuliko sikio linavyoweza kusikia, mrefu kama kidole cha mtu mzima, upande wa ndani kabisa. Hakuna aliyecheka tena.

Behewa la tano liliondolewa. Watu mia na zaidi walihamishiwa mengine. Na kabla treni haijaondoka, injinia alimwita Mzee Yassine pembeni, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwamba sheria ya reli hairuhusu kiziwi kugonga magurudumu. Alimwachisha kazi siku ileile. Nakiri kwamba niliposikia hapo nilikasirika, na bado nina hasira. Mama Mwanvua hana. Anasema mumewe alijua bei kabla ya kufungua kinywa.

Miaka ishirini na moja iliyofuata alifundisha tenisi kwenye kiwanja kile, na kila mwanafunzi alianza na macho yamefungwa. Bwana Mbusa alirudi kucheza naye kila Jumapili baada ya misa. Hakushinda hata mara moja, ananiagiza niseme.

Kwa Mama Mwanvua, kwa watoto na wajukuu, kwa Bwana Mbusa na wote waliopita kiwanjani pale, sisi wa redio hii tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu amweke mahali pema. Na ninyi mlio nyumbani, mkae leo mfikirie ni nani mliyemfukuza mlangoni kwa kile alichopoteza, bila kumuuliza amejifunza nini tangu akipoteze.

Nilimuuliza Mama Mwanvua swali la mwisho. Treni ilipoondoka, Mzee Yassine alifanya nini? Alilia?

«Hapana,» akasema. «Alipiga magoti, akaweka mukono kwenye reli. Treni ilizunguka kona, sisi wote tukaacha kuisikia, watu wakaanza kurudi nyumbani. Yeye alibaki pale. Nikamungoja sana. Kisha akaniangalia, akaniambia: Mwanvua, ingali inaenda. Magurudumu yote ni mazima.»