Viatu vya Aviwe

Katika basi la kwenda Mthatha, Thozama alielekeza macho dirishani na masikio kiti cha mbele, kama afanyavyo mtu mwenye adabu zake. Pale mbele mama mmoja alikuwa akimlalamikia bibi waliyekutana naye humo humo garini, MaDlomo. Katikati yao binti wa miaka sita alikuwa amelala, kakumbatia mfuko wa plastiki.

"Miezi minane namlea huyu Aviwe, bibi, na bado analala na viatu! Mashuka yote matope."

"Si umvue?"

"Nilimvua akiwa usingizini, nikavificha. Alipoamka alilia mpaka akatapika. Watu wa ustawi wa jamii walitupa semina nzima: mtoto aliyeumizwa halazimishwi, apewe muda. Wao wakanywa chai wakaondoka. Mashuka nafua mimi."

"Kaumizwa na nini?"

"Kahamishwa nyumba tatu kabla ya kwangu. Mara ya kwanza walimbeba ghafla, miguu peku."

MaDlomo akaguna. "Basi hiyo si jeuri, mwanangu. Na leo mnakwenda wapi?"

"Kumrudisha ustawi. Nimechoka. Mimi si malaika."

"Malaika hawafui mashuka. Geuza naye urudi nyumbani."

"Basi mchukue wewe!"

Ghafla MaDlomo akawa na kitu cha kutafuta mkobani. Thozama naye akatazama dirishani, safari hii kwa kweli.

Basi likasimama. Mama akainama kumwamsha mtoto, lakini Aviwe alikuwa ameshasimama, mfuko mkononi, kamba za viatu zimefungwa.