Kwangu Saa Nne Asubuhi Ni Usiku

Wapendwa wa jumuiya, mnanijua: mimi ndiye ninayeuliza maswali mpaka katekista anatazama saa yake. Leo acheni niseme.

Nilipomaliza chuo sikupata kazi niliyoisomea, nikaingia kazi ya ghala kule mji wa Grand Prairie, zamu ya usiku. Asubuhi nilipanda kitandani, macho yakakataa kufumbika. Nikisinzia tu, mgeni anabisha hodi. Kwa mama, mgeni lazima asalimiwe na nyumba nzima, basi ananiamsha: "Inuka, watasema nimelea mvivu."

Nikanunua dukani vidonge vya usingizi, melatonini. Ndugu zangu, nawaambia, mimi ninayedai ushahidi wa kila kitu sikusoma hata karatasi ya maelezo yake. Nilimeza kimoja, kesho yake viwili, saa yoyote. Siku za mapumziko nilishinda macho kama watu wengine, mwili ukachanganyikiwa kabisa.

Alasiri moja nilimeza, usingizi haukuja, nikaamua kumpeleka mama Haltom City kwa dada yake. Tukiwa barabara kuu nikasikia, "Mwanangu!" Nilikuwa nimelala na usukani mkononi, gari limeshahama mstari. Nililirudisha, nikaegesha kwenye kituo cha mafuta. Mama hakunigombeza. Alinifuta jasho kwa kitenge chake, akauliza, "Mara ya mwisho ulilala lini?"



Tukaenda kwa daktari. Nilimhoji huyo, mpaka akacheka! Akanieleza kwamba melatonini haimwangushi mtu. Inauambia mwili usiku umefika. Akanipangia dozi ndogo, saa ile ile kila asubuhi, nikishafika nyumbani, na nisiendeshe gari baada yake. Chumba kiwe giza. Nisiamshwe.

Hilo la mwisho mama alilibeba yeye. Wiki hiyo nikamsikia mlangoni akimwambia mgeni:

"Amelala."

"Saa nne hii? Anaumwa?"

"Haumwi. Kwake ni usiku. Rudi jioni, nitakupikia maharage."

"Mama wee, siku hizi unafukuza wageni!"

"Nafukuza. Na sauti punguza."

Nililia kidogo, kisha nikalala mpaka alasiri.

Mliofukuzwa mpo humu, nawaona mnacheka. Asanteni kwa kurudi jioni. Na mwenye ndugu wa zamu ya usiku, amlindie mlango; naye asimeze kitu kabla ya kuuliza.

Mnaniuliza kilichoniponya ni kidonge au ni mama. Sijui. Ili kujua, ningelazimika kumwondoa mama mlangoni, na jaribio hilo sitalifanya.